Mashine ya Kahawa Inapogoma

Mara nyingi tunapozungumzia vyombo vya nyumba tunakumbuka jiko, cherehani na taa. Leo tumeona vema tuzungumzie chombo kinacholala pembeni ya ghala sehemu kubwa ya mwaka, kimefunikwa na magunia matupu, kisha mavuno yakifika kila mtu anakitafuta kwa haraka. Nacho ni mashine ya mkono ya kumenyea kahawa.

Tunaandika kutoka Mtendeli, katika wilaya ya Kakonko, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Kibondo. Jina la Mtendeli lilifahamika mbali kwa sababu ya kambi ya wakimbizi kutoka Burundi, iliyofunguliwa upya Januari 2016 na kufungwa Desemba 2021. Lakini nyanda hizi za juu za Kigoma zina sifa nyingine. Ukienda kusini, ukapita Kibondo na Kasulu, ukapanda milima ya Buhigwe hadi Kalinzi, unakutana na mibuni ya arabika. Majirani zetu wa Burundi nao ni watu wa kahawa tangu zamani. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu wengi, na hata wewe usiyelima kahawa huenda una mama, dada au wifi anayeilima.

Msomaji wa mjini atauliza, "Je, mashine ya kahawa si ile ya umeme ya kupikia?" Ni kweli, ipo na hiyo. Mashine za kupika kahawa nzito iitwayo espreso zilianzia Italia. Luigi Bezzera wa Milano aliandikisha ya kwake mwaka 1901, na tangu wakati huo zimebadilishwa mara nyingi mpaka zikawa ndogo za kutosha kukaa juu ya meza ya jikoni. Siku hizi zimo katika baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, Arusha na Nairobi. Nazo hugoma! Mara nyingi sababu ni ndogo: ukoko mweupe wa maji kama ule wa ndani ya birika, raba iliyokauka ikaanza kuvujisha maji, au masalia ya kahawa yaliyogandamana. Ukizichunguza sababu hizo utaona ni zile zile zinazoua mashine yetu ya mkono huku milimani: uchafu, kifaa kidogo kilichochakaa, na kutokuangaliwa mapema.

Tena kuna jambo moja la kukumbuka. Kahawa iliyoharibika shambani haiwezi kuponywa na mashine ya kupikia, hata iwe ya bei gani. Utamu wa kikombe huanza kulindwa siku ile ile mama anapozungusha ule mkono wa chuma.

Jinsi mashine inavyofanya kazi

Kwa wale wasioifahamu, mashine hii ina sehemu chache. Juu kuna mdomo wa kumiminia matunda mekundu. Ndani kuna ngoma inayozunguka, iliyovikwa bati la shaba lenye vinundu. Mbele ya ngoma kuna bamba lililokaa karibu nayo. Matunda yakipita katikati, vinundu huyasukuma na kuyabana kwenye bamba, ganda la nje linavuka, na punje zinaponyoka. Maganda hutoka upande mmoja, na punje zenye utelezi upande mwingine. Pembeni kuna skrubu za kusogeza bamba karibu na ngoma au mbali nayo.

Basi, siri yote imo katika ile nafasi baina ya ngoma na bamba. Ikiwa pana mno, matunda madogo yanapita bila kumenywa. Ikiwa nyembamba mno, punje zinakatwa na kuchubuka. Punje iliyokatwa haichachuki sawa na wenzake ndani ya pipa. Inabadilika rangi, na harufu yake inaweza kuambukiza kikombe kizima. Mnunuzi akiiona anashusha daraja la mzigo.

Tupige hesabu kidogo. Kilo 100 za matunda mabivu hutoa kama kilo 20 za kahawa kavu ikiwa bado na ganda lake jeupe la ndani. Mashine iliyobana ikikata punje moja katika kila 10, basi kilo 2 kati ya hizo 20 zimeharibiwa. Na hizo 2 hazipotei kimya kimya: zinashusha na bei ya zile 18 zilizobaki. Hapo ndipo sare za shule na madaftari yanapopotelea, wala hakuna mwizi aliyeingia nyumbani.

Magonjwa manne ya mashine

La kwanza ni nafasi isiyo sawa, kama tulivyoeleza. Kabla ya kuanza kazi kila siku, chukua konzi mbili za matunda mabivu, zipitishe na maji kidogo, kisha zitazame kwa makini. Ukiona matunda mengi hayakumenywa, sogeza bamba karibu. Ukiona punje zenye majeraha, lisogeze mbali. Zungusha skrubu kidogo tu kila mara, na zote kwa kiasi kimoja, ili bamba lisikae mshazari. Jaribu tena mpaka uridhike. Ni kazi ya dakika chache.

La pili ni bati la shaba kuchakaa au kuchanika. Vinundu vikilala, hakuna kurekebisha nafasi kutakakosaidia, bati libadilishwe. Adui mkubwa wa bati ni jiwe na msumari uliochanganyika na matunda. Dawa yake ni maji: mimina matunda kwenye ndoo au beseni la maji kwanza. Yale mepesi yaliyoliwa na wadudu yataelea, uyaondoe. Mawe yatazama chini kabisa. Chota matunda ya katikati kwa mkono, uyatazame. Na wala usikubali kupigiliwa bati la kuezekea lililotobolewa kwa misumari mahali pa bati la shaba. Meno yake ni makali, na kahawa yako itakatwakatwa yote.

La tatu ni mhimili kucheza. Shika mkono wa mashine, uutikise juu na chini. Ukisikia unagonga, bushi zimelika. Ngoma itakuwa inagusa upande mmoja na kuachia mwingine, na wewe utashangaa kwa nini skrubu hazisaidii. Bushi ni kitu kidogo ambacho fundi wa chuma anaweza kuchonga. Weka grisi kidogo kwenye bushi tu, isidondoke kwenye ngoma. Wala usioshe mashine kwa mafuta ya taa kama watu wanavyofanya kwa minyororo ya baiskeli, kwa maana kahawa hunasa harufu upesi sana.

La nne ni kuziba na kuoza. Punje chache zikibaki ndani usiku kucha, zinachacha na kuoza, na kesho yake zinatoka pamoja na kahawa safi. Kwa hiyo mashine ioshwe kila siku baada ya kazi, hata kama mmechoka namna gani. Mimina maji mengi huku mtu anazungusha, kisha chokoa pembe zote kwa kijiti.

Tunaongeza la tano ambalo si ugonjwa wa mashine bali ni wetu wenyewe: kuchuma matunda mabichi. Tunda bichi ni gumu, halina utelezi, na ukilipitisha linapondwa. Wengine hukaza skrubu ili yamenyeke, ndipo yale mabivu nayo yanakatwa. Mashine ikalaumiwa bure.

Ikigoma matunda yakiwa yamekwisha chumwa

Hapa ndipo penye shida ya kweli. Saa ni 11 jioni, magunia yako uani, na mkono umekatika. Matunda yanapaswa kumenywa siku ile ile. Yakikaa ndani ya gunia yanapata joto na kuanza kuchacha yenyewe. Ufanyeje?

Kwanza, yatoe kwenye magunia mara moja. Pili, peleka kwa jirani mwenye mashine, au kwenye mtambo wa kikundi kama upo karibu. Tatu, kama usiku umekwisha ingia, yazamishe yote katika maji safi na baridi mpaka asubuhi, ndipo umenye mapema. Nne, kama hakuna njia kabisa, yaanike yakiwa mazima juu ya kichanja, tabaka jembamba, na uyageuze mara nyingi. Kahawa iliyokaushwa na ganda lake mara nyingi hupata bei ya chini, lakini ni afadhali hiyo kuliko kumwaga mavuno. Usichanganye mzigo huo na ule uliomenywa.

Jirani anayekuazima mashine naye ana haki yake. Irudishe imeoshwa, imekauka, na umwambie ukweli kama kuna kitu kimelegea. Urafiki mwingi umevunjika kwa sababu ya mashine iliyorudishwa na jiwe tumboni.

Nani ashike spana?

Sasa tufike kwenye neno lililotusukuma kuandika. Katika nyumba nyingi, anayechuma ni mama na watoto. Anayechota maji ni mama. Anayezungusha mkono hadi usiku, mtoto mgongoni na taa pembeni, ni mama. Lakini spana ziko kwa baba, naye huenda yuko safarini au kwenye mkutano. Mashine ikilegea saa 2 usiku, mama hana ruhusa wala ujuzi wa kuigusa. Anaendelea kuzungusha hivyo hivyo, na kahawa inakatwa. Asubuhi baba akiona punje zilizochubuka anauliza ni nani aliyeharibu. Je, hiyo ni haki?

Hatusemi haya ili kuwagombanisha watu na waume zao. Baba wengi hawajawahi kufikiri jambo hili, kwa kuwa halijazungumzwa. Lizungumzeni kabla ya msimu, wakati wa utulivu, mkiwa mmekwisha kula. Mwambie, "Baba watoto, nifundishe kukaza hizi skrubu, ili usipokuwepo mali yetu isiharibike." Mume mwenye busara atafurahi. Na kama yeye mwenyewe hajui, nendeni wote wawili kwa fundi, mkajifunze pamoja. Spana moja inayolingana na nati za mashine yako, ifungwe kwa kamba hapo hapo kwenye mguu wa mashine, isiende kwenye baiskeli.

Vivyo hivyo kuhusu fedha. Siku ya malipo ya kahawa kila mtu ana mahitaji: ada, bati za nyumba, kitenge, deni la dukani. Mashine haina mdomo wa kuomba. Tunashauri kabla hamjagawa chochote, mtenge kiasi kidogo cha bushi, grisi na bati la shaba la mwakani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Bei ya bushi ni ufa. Mashine mpya ni ukuta.

Katika vijiji vingine akina mama wameungana wakawa na mashine moja ya kikundi. Ni jambo jema, ila mali ya wote ina hatari ya kuwa mali ya yatima. Chagueni wawili wa kuitunza, wawe na zamu, na kila anayeitumia atoe mchango mdogo wa matengenezo. Ikitumiwa bila mchango, mwaka wa pili itakuwa chuma chakavu.

Watoto na mashine

Tusisahau hili. Vidole vya mtoto vikiingia kwenye ngoma au kwenye meno ya gurudumu, hakuna kahawa itakayolipa. Mdogo asiachwe kumimina matunda huku mwingine anazungusha. Anayechokoa kilichokwama awe ndiye aliyeshika mkono wa mashine, au mkono usimame kabisa kwanza. Mtoto wa mgongoni ashushwe, alazwe mbali na kazi.

Baada ya msimu

Mavuno yakiisha, fungua bamba, osha kila sehemu, anika juani mpaka ikauke kabisa. Paka mafuta kidogo sana kwenye chuma kinachoshika kutu, siyo kwenye shaba. Funika mdomo wa juu ili panya na kuku wasifanye makao, kisha uiinue kutoka sakafuni. Mwezi mmoja kabla ya kuchuma tena, itoe, ioshe kwa maji na sabuni isiyo na harufu kali, iikaushe, uizungushe, usikilize. Kama ina tatizo, fundi atakuwa bado na nafasi. Akiwa na foleni ya mashine 20 wakati matunda yameiva, hata umbembeleze vipi hatakuwahi.

Akina mama wapendwa, kahawa ya Kigoma ina sifa nzuri. Ile ya Kalinzi iliwahi kufika hadi kwa wanywaji wa Marekani, ikiuzwa kwa jina la Gombe. Mama aliyeimenya hakuwaona wanywaji hao, lakini kazi ya mikono yake waliionja. Basi mikono hiyo isizungushe tu. Ijue na kukaza, kulegeza na kutengeneza. Jioni ya leo, muulize baba watoto spana iko wapi.

Tuandikieni mtueleze mnavyotunza mashine zenu huko mliko, ili wengine nao wajifunze. Hadi mwezi ujao, tunawatakia mavuno mema na amani nyumbani.