Wavu wa ngiri: tuulize unashikwa na nini

Hapa Mintirib, katika wilaya ya Bidiya, wako wazee waliokulia Unguja na Pemba, na Kiswahili bado kinanguruma barzani. Huzungumzwa kila jambo, isipokuwa ngiri. Mtu huificha ndani ya kanzu miaka na miaka, mpaka siku inapombana ndipo akimbizwe Ibra usiku.

Mzee wetu mmoja alipasuliwa kwa njia ya matundu madogo, katika hospitali ambayo hatutaitaja. Ngiri ilirudi mahali pake, lakini kwa zaidi ya mwaka kinena kilimuwaka kila akiinama kuokota tende. Akaambiwa ni uzee. Daktari mwingine alipotazama picha alimwambia kuwa wavu wake ulipigiliwa kwa pini za madini, na huenda moja imegusa mshipa wa fahamu.

Hatusemi pini ni mbaya daima. Tunasema mgonjwa aelezwe. Wavu unaweza kushikwa kwa pini, kwa pini zinazoyeyuka mwilini, kwa uzi, kwa gundi, au usishikwe na kitu. Ukitandazwa vizuri baina ya misuli na utando wa tumbo, na ukawa na upana usiopungua sentimita 10 kwa 15, tumbo lenyewe huukandamiza, kisha nyama huota ndani ya vitundu vyake.

Muongozo wa kimataifa wa madaktari wa ngiri uliotolewa mwaka 2018 unasema kuwa katika upasuaji wa matundu usiopita ndani ya tumbo, karibu wagonjwa wote hawahitaji kufungiwa wavu. Waliotengwa ni wenye ngiri kubwa ya upande wa karibu na mfupa wa kinena, kwani hapo wavu unaweza kuhama. Basi kwa nini tulipie pini tusizozihitaji, kisha tulipie na maumivu yake?

Jambo hili linawagusa pia wenzetu wa nyumbani. Jamaa wa Pemba akiugua, sisi wa huku huchanga riali tukiamini kuwa bila ya matundu na vifaa vya ghali hapana matibabu. Si kweli. Upasuaji wa wazi, ambapo wavu hushonwa kwa uzi, ni tiba ya kuheshimika, na wengi hufanyiwa kwa sindano ya ganzi tu. Mashariki ya Uganda, wanaume 302 waliopasuliwa kwa njia hiyo walifuatiliwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Nusu walitiwa wavu wa kiwandani, nusu wavu wa kitambaa cha chandarua kisicho na dawa, kilichosafishwa hospitalini kwa utaratibu maalumu. Baada ya mwaka mmoja hapakuonekana tofauti ya maana. Wavu mmoja uligharimu zaidi ya dola 100, mwengine chini ya dola moja. (Asije mtu akakata chandarua cha kitandani!)

Rai yetu ni hii. Kabla ya kutia saini, muulize daktari: ngiri yangu ni ya upande gani? Wavu utashikwa na nini, na kwa nini? Umeshafanya mara ngapi? Daktari mzuri hatokasirika. Na wewe unayeificha ndani ya kanzu, nenda kabla haijakubana. Kuuliza si ujinga, na maradhi si aibu.