Msaada wa serikali kwa wenye watoto: wazazi wa mashariki wanadai nini, na nani atalipa?

Katika kamati za wazazi za Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, lalamiko moja linarudi kila mwanzo wa mwaka wa shule: serikali ilitangaza kwamba masomo ya msingi ni ya bure, lakini mzazi bado anatoa pesa. Anatoa kwa ajili ya mwalimu ambaye hayuko kwenye listi ya malipo, anatoa kwa ajili ya mabati ya darasa, na nyumbani kunabaki madaftari, iniforme na sahani ya jioni. Ndiyo sababu kuna wazazi ambao hawaishii tena kwenye mambo ya shule. Wanauliza kwa nini serikali haiwezi kusaidia kwa pesa familia yenyewe yenye watoto, kama inavyofanyika katika nchi nyingine.

Wanasiasa wengi wanaliona swali hilo kama ndoto. Lakini Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 hailioni hivyo. Kifungu cha 40 kinasema kuwa kutunza na kulea watoto ni haki na wajibu wa wazazi, na kwamba wanaufanya chini ya uangalizi na kwa msaada wa mamlaka ya nchi. Neno msaada limo ndani. Kifungu cha 43 kinaongeza kwamba shule ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni ya bure. Kifungu cha 43 kilingoja miaka 13 kabla ya kutekelezwa. Kile cha 40, kwa upande wa pesa, karibu hakuna mtu anayekizungumzia.

Tukumbuke namna mzigo wa shule ulivyofika mgongoni mwa mzazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilikuwa imeporomoka na migomo ikafunga shule nchi nzima. Wazazi, pamoja na makanisa yanayosimamia shule nyingi, walikubali kutoa prime ili walimu warudi darasani. Ilikuwa dawa ya muda. Ikadumu zaidi ya miaka 25, na pesa hizo hazikuishia kwa mwalimu peke yake: sehemu ilipanda hadi kwenye ofisi za juu za elimu. Mzazi wa Walungu au wa Lubero alikuwa akilisha sehemu ya utawala wa nchi bila kujua.

Septemba 2019, chini ya Rais Félix Tshisekedi, elimu ya bure ilianza kweli. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 800 kwa kuiunga mkono. Watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia shule, na hilo hakuna anayeweza kulikana. Ni msaada mkubwa kuliko wote ambao familia za Kongo zimepata kutoka serikalini kwa miaka mingi. Lakini madarasa yalijaa kupita kiasi, na walimu wengi wanaojulikana kama NU na NP, yaani wapya na wasiolipwa, walibaki bila mshahara. Pale ambapo mwalimu hana mshahara, mchango unarudi kwa mlango wa nyuma chini ya jina lingine. Migomo nayo ilirudi. Mwanzoni mwa mwaka wa shule 2024-2025, walimu wengi wa Kivu ya Kusini na mikoa mingine walikataa kuanza masomo, wakidai ahadi ambazo serikali iliwapa kwenye makubaliano ya Bibwa zitimizwe.

Hiyo ni shule. Sasa tuangalie pesa inayomfikia mzazi mkononi.

Kongo ina posho ya watoto. Mfanyakazi mwenye kontrati anaiona kwenye karatasi yake ya mshahara, imeandikwa kwa Kifaransa: allocations familiales. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya usalama wa jamii ilipanga upya mambo yote ya mfuko ambao leo unaitwa CNSS, na tawi la familia likawa la nchi nzima. Mwajiri analipa asilimia 6,5 ya mshahara kwa ajili ya tawi hilo peke yake, na mfanyakazi hakatwi kitu hapo. Mwajiri wa Bukavu analipa sawa na wa Lubumbashi.

Shida iko kwenye neno mwajiri. Mkulima wa Masisi hana mwajiri. Mchimbaji wa koltani wa Rubaya hana kontrati. Motari wa Goma, kijana wa chukudu, mama anayeuza makala au dagaa katika soko la Kadutu, wote hao ni wazazi, na wote wako nje ya mfuko. Mashariki mwa nchi, wao ndio wengi. Matokeo yake ni kwamba posho inamfikia yule ambaye tayari ana mshahara wa kila mwezi, na inampita yule asiyejua atakula nini kesho. Ni mpangilio wa kushangaza kidogo, lakini una historia yake.

Historia hiyo inaanzia Katanga. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilichoka kuleta vijana waliofanya kazi miezi michache na kurudi kwao. Ikaamua kuwakalisha wafanyakazi pamoja na wake zao. Mke na watoto wakawa wanahesabiwa, wakawa wanapewa chakula cha kampuni, nyumba, matibabu na shule. Haikuwa huruma: mtoto aliyelelewa kambini alikuwa mfanyakazi wa kesho. Huko Ubelgiji kwenyewe, sheria ya mwaka 1930 iliwalazimisha waajiri kutoa posho ya watoto kwa wafanyakazi wao. Fikra hiyo, kwamba mtoto anasaidiwa kwa sababu baba yake ana bosi, ndiyo iliyoingia kwenye sheria za Kongo na haijatoka. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, tawi la familia la mfuko wa INSS lilifanya kazi Katanga tu.

Ubelgiji wenyewe wameiacha. Kati ya 2019 na 2020, maeneo yote ya nchi hiyo yaliifanya posho kuwa haki ya mtoto, bila kuuliza kama mzazi ana kazi au hana. Sisi tumebaki na nguo ambayo mwenyewe aliishaivua.

Je, Kongo inaweza kulipa? Hapa madai ya wazazi yanahitaji hesabu, kwa sababu bila hesabu waziri yeyote atajibu kwamba hakuna pesa na mkutano utaisha. Nchi ina zaidi ya watu milioni 100, na karibu nusu yao hawajafika miaka 18. Tuchukue franka 10.000 kwa mwezi kwa kila mtoto, pesa ambayo haifiki hata dola 5. Kwa watoto milioni 50 ni franka bilioni 500 kila mwezi, bilioni 6.000 kwa mwaka. Bajeti ya taifa ya 2025 ilikuwa kama bilioni 51.000. Yaani karibu asilimia 12 ya bajeti nzima, na hiyo ni bajeti ya kwenye karatasi. Pesa inayoingia kweli kwenye hazina mara nyingi ni kidogo zaidi. Hapo waziri ana haki ya kutikisa kichwa.

Lakini hakuna anayelazimika kuanza na watoto wote. Wenye chini ya miaka 5 ni kama milioni 18, na kwao hesabu inashuka hadi asilimia 4 hivi. Kwa watoto wa mwaka wa kwanza peke yao, ni karibu asilimia 1. Afrika Kusini ilianza hivyo hivyo mwaka 1998: randi 100 kwa mwezi, kwa watoto maskini wasiofika miaka 7. Mashirika ya raia yakaendelea kusukuma, umri ukapandishwa hatua kwa hatua hadi 18, na leo watoto zaidi ya milioni 12 wanapokea. Nchi ile ni tajiri kuliko yetu, ni kweli. Burundi si tajiri kuliko yetu, na mradi wake wa Merankabandi, ukisaidiwa na Benki ya Dunia, umetoa pesa kwa akina mama wa familia maskini ng'ambo tu ya mto Ruzizi.

Wanaopinga wana hoja mbili wanazozirudia. Ya kwanza ni kwamba watu watazaa zaidi. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa 2013-2014 ulikuta mwanamke wa Kongo anazaa wastani wa watoto 6,6, bila posho hata moja. Afrika Kusini, penye posho, hawafiki hata nusu ya hapo. Hoja hii haina miguu.

Ya pili ni nzito zaidi: pesa italiwa njiani. Mwaka 2021, mkuu wa SECOPE, idara inayoshughulikia malipo ya walimu, na mkaguzi mkuu wa elimu walihukumiwa na mahakama ya Kinshasa kwa kuiba pesa za umma. Kama listi ya walimu, watu wazima wanaosimama mbele ya darasa kila siku, ilichafuliwa namna hiyo, listi ya watoto wachanga itakuwaje? Wazazi wanaodai posho wangefanya vizuri kudai pia kwamba listi ibandikwe mbele ya watu, kijijini na mtaani, kila mmoja aisome.

Na listi yenyewe inaanza na cheti cha kuzaliwa. Uchunguzi wa MICS wa 2017-2018 ulionyesha kuwa ni asilimia 40 tu ya watoto wasiofika miaka 5 walioandikishwa kwa serikali. Sheria inampa mzazi siku 90 kuandikisha mtoto. Zikipita, ni lazima apitie mahakamani, na huko kuna safari na gharama. Kwa mama aliyejifungulia porini akikimbia vita, siku 90 zinaisha kabla hajapata pa kulala. Posho inayoanza na mtoto mchanga ingekuwa na faida ya pembeni: mzazi angepata sababu ya kufika kwenye ofisi ya komini mapema. Leo hana sababu hiyo.

Vita vinabadilisha mambo mengine pia. Goma iko mikononi mwa AFC/M23 tangu mwisho wa Januari 2025, Bukavu tangu Februari mwaka huo huo. Benki zilifunga milango, na simu ikawa kwa watu wengi ndiyo benki. Mashirika ya kibinadamu yalikuwa yameishajua njia hiyo. Kwa miaka mingi yamekuwa yakiwapa wahami pesa taslimu au pesa ya simu badala ya magunia ya unga, na hakuna aliyesema haiwezekani. Kwa hiyo njia ya kupitisha pesa ipo. Kinachokosekana ni serikali moja ya kuipitisha. Kinshasa haitaki kutuma pesa mahali ambapo haina gavana, na AFC/M23 inakusanya kodi bila kuzungumza juu ya posho ya mtoto yeyote. Mzazi wa Goma anaulizwa kodi upande huu na kuambiwa angoje upande ule.

Kuna jambo dogo ambalo halipaswi kusahauliwa: simu ni ya nani. Mara nyingi laini imeandikishwa kwa jina la baba, au la shemeji mwenye kadi ya mpiga kura. Pesa ikipita huko, mama na mtoto wanaweza wasiione.

Kwa sasa madai ya wazazi yako mdomoni na kwenye barua za kamati. Kisheria, kuna tarehe moja inayohesabika. Serikali inapaswa kuweka mswada wa bajeti mezani pa Bunge kabla ya tarehe 15 Septemba ya kila mwaka, na wabunge wanaujadili hadi katikati ya Desemba. Dai ambalo halikuingia kwenye mswada huo kwa tarakimu, hata kama ni kwa watoto wa mwaka wa kwanza peke yao, linangoja mwaka mwingine. Wabunge wa Kivu mbili, Ituri na Tanganyika wanakaa katika ukumbi huo, na namba zao za simu wazazi wanazo tangu kampeni ya 2023.