Mto haubishi hodi

Kila likizo ya Agosti inapokaribia, nyumbani kwangu huzuka mjadala ule ule. Mama watoto hutaka twende kwa nyanya yao, watoto hutaka Mombasa, nami ninayeujua mfuko wangu hutafuta mahali pa tatu. Mwaka mmoja mjadala huo niliushinda mimi. Niliwaambia tutabeba hema, tutapanda basi hadi Migori, kisha tutatembea kwa miguu hadi ukingoni mwa Mto Kuja, mahali ambapo gari halifiki, tulale huko siku mbili.

"Kuna stima?" aliuliza binti yangu, aliyekuwa kidato cha kwanza.

"Hakuna."

"Basi tutachaji simu wapi?"

Nilimwambia kwamba mtu haendi porini kuchaji simu. Alininunia hadi tulipofika Narok.

Wasomaji wengi hudhani kwamba kupiga kambi ni jambo la wazungu na la watu wenye magari makubwa. Sivyo. Sisi tulikuwa na hema moja la watu wanne, mablanketi, turubai la kutandika chini, sufuria mbili, unga, omena, chumvi na tochi mbili. Tulilala Migori mjini usiku wa kwanza, na kesho yake tukapanda matatu ya kwenda Macalder. Tulishuka njiani, tukafuata njia ya ng'ombe kuelekea mtoni. Ulikuwa mwendo wa saa mbili hivi, na kitinda mimba wangu wa miaka saba alibebwa mgongoni saa nzima ya mwisho.

Tulipofika nilisahau uchovu wote. Palikuwa na mtini mkubwa wenye kivuli kipana, na chini yake uwanja wa mchanga laini, mtambarare kama meza. Maji yalikuwa hatua kumi hivi kutoka hapo, yamepungua na kutulia, na mawe ya chini yakionekana. Anga lilikuwa safi. Tuliambiwa mvua haikuwa imenyesha huko kwa wiki mbili. Nikapigilia vigingi, hema likasimama, mama watoto akawasha moto. Hata yule aliyeninunia alikuwa akicheka.

Jua lilipoanza kuteremka, mzee mmoja alipita akiswaga ng'ombe wake kurudi nyumbani.

"Oimore," alitusalimu. Tukaitikia. Alilitazama hema, kisha akanitazama mimi. "Mnalala hapa?"

"Ndiyo, mzee."

"Nani aliwaonyesha hapa?"

"Hakuna. Tumepaona pazuri."

Aliinua fimbo yake akaielekeza juu ya mtini. Pale tawi lilipogawanyika, juu ya kichwa changu, palikuwa na tita la nyasi kavu, mabua ya mahindi na kipande cha mfuko wa plastiki. "Zile nyasi," aliuliza, "ziliwekwa na nani kule juu?"

Sikuwa na jibu, lakini sikutaka kushindwa mbele ya wanangu. "Mzee, huku hakujanyesha wiki mbili."

"Huku, ndiyo," alisema. "Na Kisii je?"

Nakiri, msomaji, kwamba nilitaka kubisha. Nilikuwa nimetembea saa mbili na mtoto mgongoni. Hema lilikuwa limesimama, na ugali ulikuwa karibu kuiva. Aidha, kuna aibu fulani ambayo sisi akina baba tunaijua: aibu ya kung'oa mbele ya mkeo kile ulichokuwa umekisifu saa moja tu iliyopita. Aliyeniokoa ni mama watoto. Hakusema neno. Alianza tu kukunja mablanketi.

Tulihamia juu, kiasi cha hatua mia mbili, kando ya ua wa boma la yule mzee. Mahali penyewe palikuwa pabaya: palikuwa na mteremko, mavi ya ng'ombe na jogoo asiyejua saa. Watoto walinung'unika. Mzee alimshika mkono kitinda mimba wangu, akamwita "nyakwara", yaani mjukuu wangu, na kumpa kazi ya kushikilia kamba ya hema. Mkewe alituletea bakuli la nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, tukala na omena wetu.

Usiku ule halikudondoka tone. Nyota zilijaa. Mbali sana, upande wa mashariki, umeme ulikuwa ukimulika bila sauti. Mnamo saa tisa za usiku niliamshwa na mvumo kama wa lori lisilopita. Nilimulika tochi kuelekea mtoni, lakini sikuona kitu.

Asubuhi tulishuka sote. Mtini ulikuwa umesimama ndani ya maji. Uwanja wetu wa mchanga haukuonekana. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yakienda kasi, na juu yake yalielea mashina ya migomba. Migomba ile haikuwa ya hapo. Ilikuwa imeng'olewa kwenye mashamba ya nyanda za juu.

Binti yangu alisimama kando yangu kimya kwa muda. Kisha akauliza, "Baba, kama mzee asingepita?"

Hadi leo sijampa jibu.

MTO UNATOKA WAPI?

Baadaye nilifanya kile nilichopaswa kufanya kabla ya safari: nilitazama ramani. Mto Kuja, ambao kwa Wakisii ni Gucha, huanzia vilima vya Kiabonyoru, Nyamira. Hupita nchi ya Wakisii yenye mvua karibu mwaka mzima, huteremka hadi Gogo, ambako maji yake yamekuwa yakizalisha umeme tangu miaka ya 1950, kisha huungana na Mto Migori na kuingia Ziwa Victoria kule Nyatike. Kwa hiyo anayelala ukingoni mwa Kuja upande wa chini analala chini ya anga mbili: anga analoliona na anga la Kisii. Mvua ikinyesha kule jioni, wewe unayetazama nyota huletewa habari yake usiku ukiwa usingizini.

Watu wa Nyatike hawahitaji kufundishwa hili. Katika mvua za masika za 2020, na tena za 2024, Kuja ulivunja kingo zake na familia nyingi zikahama. Wao hawakuwa wamekwenda kutalii. Pale ndipo kwao.

Wala si Kuja peke yake. Mwaka 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walikufa maji katika korongo la Hell's Gate, Naivasha, mafuriko ya ghafla yalipowakuta humo. Septemba 2019 maji yaliua watu wengine saba katika korongo hilo hilo. Na Mei 2024, kule Maasai Mara, Mto Talek ulifurika kambi na hoteli za kando yake, hata watu wakaokolewa kwa helikopta. Zile zilikuwa kambi za watalii wenye pesa na wafanyakazi wenye ujuzi. Mto hautazami mfuko wa mtu.

KABLA HUJAPIGILIA VIGINGI

Siandiki haya ili kuwatisha, la hasha. Tumerudi Migori na Homa Bay mara kadhaa tangu siku ile. Naandika ili wewe, na hasa ninyi wanafunzi mnaotoka makundi makundi wakati wa likizo, msiutegemee ukarimu wa mzee anayepita na ng'ombe.

Kwanza, usitazame mchanga, tazama miti. Nyasi na takataka zilizonasa matawini ndizo alama ya mahali maji yalipofika. Lala juu ya alama hiyo, na uhakikishe kuna njia ya kupanda juu zaidi hata gizani. Mchanga laini na mtambarare ukingoni ni kitanda cha mto wenyewe. Mto umekitandika, na siku moja utarudi kukilalia.

Pili, chomeka kijiti pale maji yanapoishia na ukitazame kila nusu saa. Hii ni kazi nzuri ya mtoto. Kijiti kikizama, maji yakibadilika rangi, yakianza kuleta majani na vijiti, au mvumo wake ukibadilika, ondokeni mara moja. Acheni hema. Hema hununuliwa. Wala msivuke maji ya kasi yaliyopita magoti, hata kama matatu ya mwisho iko ng'ambo.

Tatu, piga hodi wewe. Hakuna ukingo usio na mwenyewe. Muulize mzee wa kijiji, umwambie mko wangapi na mtalala siku ngapi, na mwafikiane mapema kuhusu malipo. Yule mzee nilimpa sukari, majani ya chai na pesa kidogo. Alipokea bila kuona haya, nami sikuona haya kumpa. Mwenyeji ndiye ajuaye njia ya viboko. Huku chini karibu na ziwa, viboko hutoka majini usiku kwenda malishoni na kurudi, na hema lililosimama kati ya kiboko na maji limesimama pabaya. Mamba nao wapo. Teka maji pale wenyeji wanapoteka, mchana, usiende peke yako.

Nne, afya. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote barabara. Watoto wasiogelee, hata maji yakiwa safi namna gani, kwa sababu ya kichocho. Malaria katika kaunti hizi ni nyingi. Homa Bay ndiko chanjo ya malaria ilikozinduliwa hapa Kenya Septemba 2019. Watoto wa mjini hawana kinga ya mtoto wa Nyatike. Hema liwe na wavu usiotoboka, na mtu akipata homa hata wiki mbili baada ya kurudi, nendeni hospitali mkamwambie daktari mlikotoka.

Mwisho, chagua msimu. Likizo ya Aprili huangukia katikati ya masika, na ya Novemba na Desemba hugusana na vuli. Agosti ni afadhali, lakini mmeona Agosti yangu.

KWA WASIOTAKA KUJARIBU BAHATI

Familia inayoanza inaweza kwenda Mbuga ya Ruma, katika bonde la Lambwe, Homa Bay. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lina viwanja vya kambi huko, Nyati na Fig Tree, na ada hulipwa kwa mtandao wa eCitizen. Humo usitembee kwa miguu bila askari wa mbuga. Ruma ndiyo mahali pekee nchini ambapo paa mkubwa aitwaye korongo amesalia porini. Vaeni nguo za rangi hafifu, kwa maana mbung'o hupenda buluu na nyeusi, na ndiyo sababu mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mbung'o ndio waliokuwa wakieneza malale katika bonde hilo. Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa maradhi hayo hapa nchini alipatikana 2009 au baada kidogo tu, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya. Kuumwa bado kunauma, lakini.

Na mkiwa Migori msikose kufika Thimlich Ohinga, ngome ya mawe iliyoingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2018. Kuta zake, ambazo mahali pengine hupita mita nne kwenda juu, zilipangwa jiwe juu ya jiwe bila saruji, karne tano hivi zilizopita. Sisi tulifika huko siku ya tatu ya safari yetu. Watoto walipita wakiinama katika milango yake mifupi, wakahesabu hatua za ukuta, wakapiga kelele.

Binti yangu alisimama juu kidogo akitazama bondeni.

"Baba," alisema, "hawa watu walikuwa na ng'ombe. Walihitaji maji kila siku. Mbona hawakujenga mtoni?"

Kisha akajijibu mwenyewe kabla sijafungua kinywa: "Walikuwa wameulizana."

Njiani kurudi Nairobi hakuniuliza habari za simu. Aliniuliza tutarudi lini, na kama tutamletea yule mzee sukari nyingine.

Hadi Jumapili ijayo, msomaji wangu, safari njema.