Aliyevua Kilemba Hajafa



Wapenzi wasomaji, wiki hii twawaletea habari ya kiumbe mdogo aliyetufunza adabu nyumbani kwetu. Katika tangi la kioo tulilowawekea wajukuu, pamoja na samaki wachache, yumo mnyoo wa baharini mwenye taji la manyoya lililokunjuka mfano wa ua. Mwili wake hauonekani. Umo ndani ya mrija alioujenga mwenyewe kwa ute na chembe za mchanga. Kwa manyoya yale huvuta pumzi, na kwa hayo hayo hunasa chakula kielecho majini. Kivuli kikimpitia, hujificha kufumba na kufumbua.

Asubuhi moja tulilikuta taji limeanguka mchangani, na mrija umelala kimya. Wajukuu walilia. Tulikwisha nyoosha mkono tuutupe, bibi yao akatuzuia: "Ngojeni kwanza. Aliyevua kilemba hajafa."

Naye alisema kweli. Mnyoo huyu apatapo dhiki huliangusha taji lake, na akiwa bado ana nguvu huotesha jingine baada ya majuma kadhaa, dogo kwanza, kisha likakua. Basi mrija usitupwe kwa pupa, wala mwenyewe asivutwe atoke. Dalili ya mauti ni mwili kulegea na kunuka uozo.

Tulipotafuta sababu, tukajikuta sisi ndio wakosa. Kila maji yalipopungua, tuliongeza maji ya bahari tukidhani twatenda wema. Kumbe maji hupaa kwa joto, chumvi ikabaki. Nasi tukazidi kuiongeza siku hata siku. Kipimo kilisoma 1.030, ilhali maji ya bahari husoma karibu 1.025. Kilichopaa hurudishiwa maji yasiyo na chumvi, tena yaliyosafishwa. Ya mfereji huenda yakawa na klorini au shaba, na shaba ni sumu kwa wanyoo. Kwa sababu hiyo hiyo, dawa za samaki zenye shaba zisitiwe katika tangi lake.

Hatukurekebisha kwa siku moja, kwani mabadiliko ya ghafula nayo ni dhiki. Kila siku tulitoa maji kidogo ya tangi, tukatia yasiyo na chumvi kiasi kile kile, mpaka kipimo kikatulia. Tuliondoa mabaki ya chakula, maana yakioza huzaa amonia. Joto tulilizuia lisipite nyuzi 27. Kitatange na kaa wasiwekwe naye, huenda wakamdonoa manyoya.

Liko na jambo la chakula. Wengi wa wanyoo hawa hufa polepole kwa njaa, kwa kuwa maji ya tangi, hata yawe maangavu, hayana vijimea vidogo vya bahari wanavyovila. Vijimea hivyo huuzwa na wauzaji wa samaki wa mapambo. Wape kidogo kidogo, kwani vikizidi huchafua maji. Na mgeni aletwapo, maji ya tangi yadondoshwe taratibu katika chombo chake kwa muda wa saa nzima, ndipo ahamishwe.

Majuma yalipita mrija ukiwa mtupu machoni petu. Kisha siku moja mjukuu wetu mdogo akatuita kwa sauti: manyoya mafupi yalikuwa yamechomoza.

Akina mama, sote twaijua habari ya mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Aliyeko baharini hujitafutia mwenyewe. Aliyeko kioni riziki yake imepitishwa mikononi mwetu. Asiyeweza kumtazama kila siku, na asimnunue. Amwendee ufuoni pamoja na wanawe maji yakitoka, amwone kwake.

Wabillahi tawfiq.