Kibao ni cha Mgeni, si cha Mwenyeji

Kibao cha njia hakisimikwi kwa ajili ya mwenyeji. Mkazi wa Kawangware hahitaji kuelezwa Kawangware iko wapi, wala karani wa ghorofa ya kumi na mbili hahitaji mshale wa kumfikisha mezani pake. Kibao husimikwa kwa ajili ya mgeni: mwanafunzi aliyeshuka basi asubuhi hiyo kutoka Busia akitafuta chuo, mama aliyepewa barua ya rufaa ya hospitali, mzee anayefuatia hati ya shamba lake. Tukiupima mji wa Nairobi kwa mzani huo, kuanzia katikati ya jiji hadi vitongoji vya magharibi kama Westlands, Kileleshwa, Lavington, Kawangware na Kangemi, tutaona kwamba vibao vyetu vingi humwambia mwenyeji jambo analolijua na kumficha mgeni jambo analolitafuta.

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, na kwamba nchi yenye upungufu wa madarasa na dawa haina wasaa wa kujadili vibao. Nawaomba wanivumilie. Ninakusudia kuonyesha kwamba kibao ni haki ya raia, ni somo la historia, na kuna saa ambapo huwa ndicho mpaka baina ya uhai na mauti.

Tuanze na majina. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, barabara za Nairobi zilivuliwa majina ya wakoloni na kuvishwa majina yetu. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, Hardinge Street ikawa Kimathi Street, Victoria Street ikapewa jina la Tom Mboya, na Government Road hatimaye ikaitwa Moi Avenue. Hilo lilikuwa jambo la heshima. Lakini jina likibadilishwa bila maelezo huwa ni rangi mpya juu ya ukuta wa kale. Ni wanafunzi wangapi wajuao kwamba Mboya aliuawa tarehe 5 Julai 1969 katika barabara ambayo sasa ni Moi Avenue? Sanamu yake, iliyozinduliwa mwaka 2011, imesimama huko huko Moi Avenue, ilhali mtaa wenye jina lake ni ule wa jirani. Mgeni anayeambiwa akutane na mwenziwe "kwa Tom Mboya" ana haki ya kuuliza: kwa sanamu au kwa mtaa?

Upande wa magharibi mambo ni hayo hayo. Waiyaki Way inakumbuka jina la Waiyaki wa Hinga, aliyekamatwa na Waingereza mwaka 1892 na kufariki Kibwezi akipelekwa pwani hali ni mfungwa. Na barabara hiyo inaelekea upande wa Kabete, kule kule alikokamatwa. Argwings Kodhek Road ina jina la wakili maarufu aliyefariki usiku mmoja wa Januari mwaka 1969 katika barabara hiyo hiyo, wakati ikiitwa Hurlingham Road. Mstari mmoja chini ya kila jina ungetosha kuzigeuza barabara hizi kuwa darasa lisilotoza karo. Na umma usiposhirikishwa katika kuyachagua majina, huja ukayakataa wenyewe. Mwaka 2021 kibao chenye jina la Francis Atwoli kilisimikwa Kileleshwa, na haukupita muda kikang'olewa na kuchomwa moto. Sikubaliani na kuharibu mali ya umma. Lakini moto ule ulikuwa ujumbe, na wenye kusimika vibao wangefanya vyema kuusoma.

La pili ni lugha. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba lugha ya taifa ni Kiswahili, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Hebu tazameni basi vibao vya jiji. Tunazo Uhuru Highway, Harambee Avenue na Taifa Road: jina la kwanza ni letu, la pili tumeazima. Dar es Salaam mtu husoma Mtaa wa Jamhuri na Barabara ya Morogoro wala hapotei kwa sababu hiyo. Sisi tumeweka Kiswahili katika Katiba, tukakifanya somo la lazima shuleni, kisha tukakiacha nje ya lango la kila ofisi. Mwanafunzi hukariri kwamba lugha hii ni rasmi, halafu hutoka darasani asiione ikifanya kazi yoyote rasmi barabarani. Katika mgongano huo, mtoto huamini anachokiona.

Nimeona matokeo yake kwa macho yangu. Nilimsindikiza jirani yangu mmoja, mama wa makamo, katika hospitali moja kubwa ambayo sitaitaja. Mama huyu anasoma Kiswahili bila taabu. Alihitaji kupigwa picha ya mifupa. Ukutani palikuwa na vibao tisa, vyote kwa Kiingereza, na jina la idara aliyoitafuta lilikuwa la kitaalamu ambalo hata mhitimu wa kidato cha nne angelikwaa. Mshale ulituelekeza kwenye mlango uliofungwa kwa kufuli. Tuliuliza watu wanne, tukapanda ghorofa mbili na kushuka tatu, na tulipofika dirisha la malipo lilikuwa limekwisha kufungwa. Yule mama hakulalamika. Alisema tu kwamba yeye hakusoma sana. Neno hilo lilinichoma, kwa sababu aliyeshindwa kusoma siku ile hakuwa yeye. Hospitali ndiyo iliyoshindwa kuandika.

Mahali ambapo vibao havisemi, wananchi wamejitungia ramani yao. Wanaelekezana kwa Globe na Odeon, majumba ya sinema ambayo vijana wengi wa leo hawajapata kutazama filamu ndani yake. Wanaelekezana kwa Kencom, Khoja, Ambassadeur na Adams Arcade. Wanajua kwamba matatu ya Kangemi ni nambari 23, ya Kawangware ni 46, na ya Ngong ni 111. Tena huko Kawangware nambari zimegeuka kuwa majina ya mahali, hata mtu akajibu bila kucheka kwamba anaishi "46" au "56". Huu ni werevu wa kusifiwa, lakini ni werevu wa wenyeji. Mgeni haambiwi na nguzo yoyote kwamba gari la 46 hupakia wapi, na kituo kikihamishwa kwa amri, kama ilivyotokea Desemba 2018 matatu zilipozuiwa ghafla kuingia katikati ya jiji kabla ya amri hiyo kusitishwa, ramani iliyomo kichwani huchanika mara moja.

Chanzo cha vurugu hii hakihitaji mganga. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilizigawa barabara kwa mamlaka mbalimbali: barabara kuu zina mamlaka yake, za mijini zina yake, na serikali ya kaunti nayo ina sehemu yake. Mtembea kwa miguu anayetoka katikati ya jiji hadi Kangemi hupita katika milki zaidi ya moja bila kujua, na kila milki ina rangi yake ya vibao, ama haina kibao kabisa. Ongeza hapo wezi wanaong'oa vibao na kuviuza kama vyuma chakavu, na mabango ya waganga yaliyobandikwa juu ya mishale. Kisha tazama ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands: huko juu vibao ni vikubwa na husomeka kutoka mbali. Chini yake, anakopita mwenye miguu, hakuna anayemwambia kivuko kiko wapi. Tunajua kuandika, bali tumechagua wa kumwandikia.

Sasa nifike kwenye lile la uhai na mauti. Januari 28, 2009, supermaketi ya Nakumatt Downtown katikati ya jiji iliteketea na watu zaidi ya 20 wakaangamia, huku taifa zima likiuliza milango ya kutokea ilikuwa katika hali gani. Aprili 12, 2015, siku kumi baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, mlipuko wa transfoma ya umeme uliwaamsha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi katika bewa la Kikuyu. Wakadhani wamevamiwa. Wengine waliruka madirishani. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Sidai kwamba kibao pekee kingaliwaokoa wote. Ninasema kwamba binadamu aliyeshikwa na hofu gizani hukimbilia njia anayoijua, na asipoijua njia hukimbilia dirisha.

Wenzetu wa ng'ambo walijifunza hayo kwa gharama. Usiku wa Januari 13, 2012, meli ya utalii Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia, na watu 32 wakafa. Meli ya namna hiyo ni mji unaoelea: ghorofa juu ya ghorofa, ujia unaofanana na ujia, na abiria ambao wote ni wageni. Waliopanda siku ile walikuwa bado hawajafanyishwa zoezi la dharura. Kuanzia mwaka 2015 kanuni za kimataifa zinadai zoezi hilo lifanywe kabla ya meli kung'oa nanga au mara tu ing'oapo. Japani nako, baada ya moto wa jengo la maduka mjini Osaka kuwaua watu 118 mwaka 1972, walitafuta alama ambayo mtu yeyote angeielewa. Yule mtu mdogo wa kijani anayekimbilia mlangoni, aliyechorwa na Yukio Ota na kukubaliwa kimataifa katika miaka ya 1980, hasemi Kijapani wala Kiingereza. Husema na kila mwenye macho.

Najua hoja ya wapinzani: kuuliza si ujinga, na Nairobi watu ni wakarimu. Kweli. Lakini si kila anayeulizwa katikati ya jiji ana nia njema, na msichana aliyebeba sanduku, akiuliza njia jioni, amekwisha kutangaza ugeni wake kwa mwizi. Wengine husema simu imemaliza tatizo. Simu ni msaada mkubwa. Hata hivyo haijui ndani ya jengo mna nini, na betri huzimika. Tena ramani ya simu haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Nairobi, kikishirikiana na vyuo vya Marekani, kilitoa ramani ya njia za matatu baada ya wanafunzi kuzipanda zote wakiwa na simu mkononi, na zaidi ya njia 130 zikachorwa. Ikiwa wanafunzi waliweza kulichora jiji zima, kaunti inashindwaje kuichapa ramani hiyo na kuibandika penye kila kituo?

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, mamlaka zote za barabara zikubaliane na kaunti juu ya kibao cha namna moja, kwa Kiswahili na Kiingereza, chenye jina, mwelekeo na masafa kwa mwenda kwa miguu. Pili, jengo lolote la umma lisipewe kibali kabla ya mtu asiyelijua kuingizwa ndani na kutakiwa atafute choo, ofisi na mlango wa dharura bila kuuliza. Akishindwa, jengo limeshindwa. Tatu, na hili ni letu sisi walimu na wanafunzi, tuanzie nyumbani. Shule nyingi zina maelfu ya wanafunzi na hazina mshale hata mmoja. Wanafunzi wa Jiografia wachore ramani ya shule, wa Kiswahili waandike vibao, na muhula usianze kabla ya wanafunzi wageni kuonyeshwa njia ya kutokea mabweni, usiku, taa zikiwa zimezimwa.

Kazi hiyo haingoji bajeti ya serikali wala hotuba ya waziri. Inahitaji mbao, rangi, na mwalimu mmoja aliye tayari kulitazama lango lake kwa macho ya mtu ambaye hajapata kulipita.