Mheshimiwa Nani?

Ndugu zetu waliofanya mtihani wa kidato cha nne mwaka wa 2017 wanaijua vizuri tamthilia ya Mstahiki Meya ya Timothy Arege, iliyotoka 2009. Mimi nimesoma nakala ya dada yangu. Kilichonishangaza ni madiwani: hawana majina! Ni Diwani wa Kwanza, wa Pili na wa Tatu, basi, kama milango ya ploti zetu huku 56.

Wenzangu darasani wanasema wamenyimwa majina kwa kuwa wote ni wale wale, vibaraka wa Meya Sosi. Nakataa. Yule wa Tatu humweleza Meya ukweli kuhusu shida za wafanyakazi wa Cheneo. Cheo ni kimoja, watu mbalimbali. Halafu mtazame Bili. Udiwani hana, lakini sikio la Meya ni lake!

Basi nionavyo mimi, cheo hakituambii kitu mpaka mhusika mwenyewe afungue mdomo. Ila sisi mtaani hatungoji. Mameya na madiwani waliondoka 2013, wakaja magavana na wawakilishi wadi, lakini neno "mheshimiwa" tulibaki nalo, tena tunaligawa bure. Gari kubwa likiingia tu, ati "Mheshimiwa, tukumbuke!" Kioo hata hakijashushwa. Na mama anayetuuzia sukuma tangu alfajiri, ndiye aliyesomesha watoto wanne? Huyo ni "Wee mama, nipe ya ishirini!"