Mlima wa Ntiro na barabara ya Mikumi

Nilipotea kidogo, nilikuwa Kilosa kwenye mazoezi ya kufundisha. Nimerudi chuoni na deni moja linanisumbua, bora niliseme hapa.

Siku moja kwenye kipindi cha sanaa niliwaambia wanafunzi wachore mandhari. Karibu darasa zima likaniletea picha ileile: milima miwili ya pembetatu, jua katikati, mnazi, twiga pembeni. Jamani, mnazi Kilosa! Nje ya dirisha milima ipo, reli ipo, ukienda Kimamba unakutana na mkonge. Hakuna aliyevichora.

Mmoja tu alikuja na kitu kingine. Kwao ni Mikumi, Kilosa anakaa kwa shangazi yake. Alichora ile barabara kuu inayokatiza hifadhini: matuta, lori la trela, na swala amelala kando, amegongwa. Mimi, mwalimu mtarajiwa, nikampa 4 kwa 10. Nikamwambia, "Mandhari haina malori." Akasema "sawa mwalimu", akaenda kukaa. Wale wa minazi niliwapa 7.

Niliporudi chuoni ndiyo nikasoma habari za Sam Ntiro. Wengi wetu tunamjua Tingatinga, huyu tumemsahau. Alizaliwa mwaka 1923 Uchagani, akasoma Makerere kwa Margaret Trowell, kisha akaenda shule ya sanaa ya Slade, London, miaka ya 1952 hadi 1955. Baada ya Uhuru wa 1961 akawa balozi wetu kulekule Uingereza. Alifariki mwaka 1993.

Sasa angalia alichora nini. Angeweza kujaza turubai kwa madaraja ya London, lakini yeye alirudi kijijini kwao: watu wanavuna, wanajenga, wanabeba mizigo. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ipo kwenye jumba la sanaa za kisasa la MoMA, New York.

Najua mtu ataniuliza, sasa Kilimanjaro si ndiyo huohuo wa kwenye kalenda? Hapana. Mlima wa kalenda umetazamwa na mgeni anayepita. Wa Ntiro una watu wenye shughuli zao, umetazamwa na mtu wa nyumbani. Hata Wafaransa wanalijua hili. Paul Cézanne alichora mlima mmoja karibu na kwao, Aix-en-Provence, mara nyingi sana mpaka alipofariki mwaka 1906. Kwa urefu, mlima ule haufui dafu kwa milima yetu mingi, ila ulikuwa wa kwao.

Ndugu zangu wanaowauzia watalii picha za twiga siwalaumu, wana watoto wa kulisha. Lakini darasa siyo duka. Tukimpa alama aliyenakili na kumnyima aliyetazama, tunamfundisha mtoto kuwa kwao hapafai kuchorwa. Akishaamini hivyo, hata yule swala aliyegongwa atampita bila kumwona, na barabara ile hata ukiipunguzia malori hutakuwa umemsaidia mtu asiyeona.

Kwa hiyo mie msimamo wangu ndio huu: sisi tunaosomea ualimu, kabla ya kumwambia mtoto achore mandhari, tumtoe nje kwanza. Achore anachokiona, hata kama ni lori.

Yule mtoto nilimkosea. Nimempigia mwalimu wake wa darasa, nikamwomba ile 4 irekebishwe. Kacheka, kasema alama zimeshaingia kwenye daftari. Nitampigia tena wiki ijayo.

Na nyie wadau, shuleni kwenu mlichora mnazi wa wapi?

Alamsiki.